Kilo Mia Tisa

Hotuba kwa wamiliki na madereva wa magari madogo ya fobaifo, Arusha

Mwenyekiti, wazee wangu wa gereji, madereva wenzangu, dada zangu mliokuja na magari yenu wenyewe, na ninyi vijana mliopaki hapo nje huku taa za juu ya keria zinawaka saa nane mchana: asanteni kwa kunialika. Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Niliombwa nije niseme ni gari gani dogo la fobaifo la kununua kwa safari za porini, na likishanunuliwa lifungwe nini. Swali la pili ndilo linalopendwa zaidi, kwa sababu gari hununuliwa siku moja, lakini kufunga vitu hakuishi. Nitayajibu yote mawili, ila kwanza nitawauliza swali ambalo ni nadra kulisikia dukani au gereji. Gari lako limebakiza kilo ngapi?

Mwenye kadi ya gari mfukoni aitoe. Kuna uzito wa gari likiwa tupu, na kuna uzito wa mwisho, yaani gari pamoja na kila kilichomo na kila aliyemo. Kama kadi haisomeki, fungua mlango wa dereva au boneti, utakuta kibati cha mtengenezaji. Tuchukue Hilux ya dabo kabini, maana ndizo naona nyingi hapo nje. Tupu ina kama kilo 2,000. Uzito wa mwisho ni kilo 2,900 na kitu, kutegemea toleo. Tofauti yake ni kilo 900. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Haya, tuitumie.

Watu wanne wazima, tuseme kilo 75 kila mmoja, ni 300. Zimebaki 600. Bampa la chuma la mbele pamoja na winchi, ile mashine ya kujivuta kwa kamba, kilo 100, zimebaki 500. Kanopi, 80. Keria na hema la juu, 100, nami nawahurumia hapo, kuna mahema yanayopita kilo 70 yenyewe tu. Zimebaki 320. Droo za nyuma na friji, 100. Maji lita 60, kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, ukihesabu na vyuma vyake, kilo 40. Zimebaki 120. Betri ya pili, 25. Tairi la pili la akiba na rimu yake, 35. Zimebaki kilo 60.

Na bado hujapakia jeki, spana, kamba, chepe, mtungi wa gesi, sufuria, nguo, unga, wala begi la shemeji ambaye hakuwa kwenye ratiba lakini anashukia Karatu.

Nimetaja vitu ambavyo karibu kila mmoja wenu anavyo au anavitamani, na sijataja cha ajabu hata kimoja. Ndiyo maana nasema safari ya porini huanza kwa hesabu ya kilo, rangi na taa zije baadaye. Hata getini utaiona hesabu hii: ada ya gari kuingia kwenye hifadhi za taifa hupangwa kwa madaraja ya uzito.

Tuje kwenye kuchagua gari. Mimi huangalia mambo mawili: kwamba spea zake zipo kule ninakokwenda, na kwamba halijawa zito kabla sijaligusa.

Hilux imekuwepo tangu 1968, na ya fobaifo ilianza 1979. Mpaka mwaka 1997 Hilux za fobaifo tulizozizoea huku zilikuwa na ekseli nzima ya mbele inayolalia springi za majani. Zinarusha abiria, zinachosha mgongo, lakini fundi wa Mpanda anaifungua ekseli hiyo na kuirudisha bila kompyuta. Injini zake za dizeli, zile zinazoitwa 3L na 5L, hazina turbo na hazina haraka. Baadaye zikaja zenye mbele laini, kila gurudumu na mkono wake, kisha dizeli za kisasa ambazo pampu yake husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana. Zina nguvu, zinakula wese kidogo, na mtu anafika Natron hajachoka. Wazee hapa mbele wanazisema vibaya. Mimi sizisemi vibaya. Nasema tu kwamba nozeli zake haziwezi kuvumilia dizeli chafu, na hilo tutalirudia. Kama unatoka mjini mwisho wa wiki na unarudi, chukua ya kisasa. Kama unakwenda Katavi mwenyewe, gari moja, wiki mbili, nitakuelewa ukitafuta ya zamani iliyotunzwa.

Land Cruiser pikapu siizungumzii leo. Ni gari kubwa la kazi, injini yake ya 1HZ ya lita 4.2 imejipatia heshima bara zima, lakini limepita bei na limepita uzito wa wengi waliomo humu.

Suzuki Jimny ndiyo inayonifurahisha kuizungumzia. Wenye pikapu huicheka kwa udogo. Ile iliyotoka 2018, yenye injini ya lita 1.5, ina uzito wa kama kilo 1,100 tu, na chini yake kuna chasisi ya kweli, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia ndogo za fobaifo. Mwaka 2007 Wachile wawili walipanda mlima Ojos del Salado na Suzuki Samurai iliyofanyiwa kazi, babu wa hiyo Jimny, wakafika mita 6,688. Kilele cha Uhuru pale Kibo ni mita 5,895. Walipita urefu wa mlima wetu kwa karibu mita 800 wakiwa ndani ya gari. Hawakupanda na lori, walitaka kitu chepesi.

Lakini wepesi huo una masharti. Jimny hiyo uzito wake wa mwisho ni kama kilo 1,435. Watu wawili wakishakaa, umebakiwa na chini ya kilo 200 kwa kila kitu. Paa lake mtengenezaji ameliruhusu kubeba kilo 30 tu gari likiwa linatembea. Kwa hiyo mwenye Jimny anayeniuliza anunue hema gani la juu, namjibu anunue la chini, la kilo tano, alale kwenye majani. Na mnapoagiza Japani, angalieni injini kabla ya rangi. Ile ya cc 660 ni nzuri kwao, huku spea zake zitakusumbua. Tafuteni ya lita 1.5. Ndugu zetu wa Kenya wana sharti lao la ziada, gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo za bei rahisi wengi huziona kwenye picha tu.

Kuna kijana aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu kirikuu, vile vipikapu vidogo vya Kijapani. Asione aibu. Kirikuu zipo za fobaifo, zinabeba kilo 350 kwa sheria ya huko zilikotengenezwa, na kila siku tunaziona zikishusha mboga kutoka milimani kwenye njia ambazo wengine tunazipita tukiwa tumeshika roho. Kwa safari fupi za Usambara au Uluguru, kiangazi, watu wawili, ni gari halali kabisa. Kwa kilomita mia mbili za mawimbi ya barabara ya vumbi, hapana. Magurudumu yake ni madogo mno, na wewe umekaa juu ya injini.

Sasa tufunge vitu. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, nunua tairi. Ukiwa na hela ya vitu viwili, nunua tairi na geji ya upepo. Hela ikibaki, nunua kompresa ndogo. Hapo umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi, na gari halijaongezeka hata kilo ishirini.

Tairi liwe la mchanganyiko, lami na vumbi, lenye ukuta mgumu wa pembeni, maana huku kwetu tairi huuawa ubavuni. Miiba ya migunga na mawe ya volkano kati ya Engaruka na Engare Sero hayana habari na kashata, yaani meno, za tairi lako. Zile za matope zenye kashata kubwa zinapendeza, zinapiga kelele kwenye lami, zinakula mafuta, na kwenye udongo mweusi wa mbuga hazikuokoi. Masika yakishika, udongo ule unalivisha tairi mpaka linakuwa duara laini, na hapo la bei ghali na la bei poa yote ni mamoja. Dawa yake ni kuzima injini, kuchemsha chai na kusubiri jua. Gari jepesi hapo lina nafuu, kwa sababu linazama polepole.

Vijana mnapenda tairi kubwa. Hilux nyingi hutoka na 265/65R17. Mtu anaweka 285/70R17. Kipenyo kimetoka milimita 776 kwenda 831, yaani asilimia saba. Gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia saba bila wewe kugusa gia boksi. Injini inalalamika mlimani, breki zina kazi zaidi, ekseli na jointi za mbele zinabeba mzigo ambao hazikupimiwa, na spidi mita inakudanganya: ikisoma 100 unakwenda 107. Mwenye tochi barabarani hatakuuliza tairi namba ngapi. Ongeza saizi moja kama lazima. Na kabla ya kuchagua saizi yoyote, ulizia duka la tairi la mwisho kwenye njia yako kama wanayo.

Upepo ndio siri ambayo ni bure, na ndiyo maana haipendwi. Kwenye lami na mzigo, Hilux iende na 35, kwa kipimo cha psi cha kwenye geji. Ukiacha lami ukaingia vumbi na kokoto, shuka mpaka 28 au 26 na upunguze mwendo. Kwenye mchanga, 18, hata 16. Jimny kwa wepesi wake huanzia chini zaidi. Tairi likipunguzwa upepo, alama yake ardhini hurefuka, linakanyaga eneo kubwa, halichimbi. Wanaovuka jangwa la Chalbi kule Kenya kwenda Loiyangalani wanalijua hilo, mchanga ukiisha mawe yanaanza, na mtu anasimama tena kujaza. Nimeona magari mengi yakivutwa kwa winchi mahali ambapo dakika tano za kutoa upepo zingetosha. Ila ukirudi lami, jaza. Tairi laini kwenye mwendo wa lami linachemka na kupasuka.

Springi na shokapu. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Adui mkubwa wa gari la safari katika nchi hii ni yale mawimbi ya barabara ya vumbi, yanayotikisa saa tatu mfululizo. Shimo unaliona na unalikwepa. Mawimbi huyakwepi. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Sasa kama gari ni zito na shokapu ni ile ya kiwandani, mafuta ndani yake yanachemka, yanakuwa mepesi, na ghafla nyuma ya gari inaanza kutembea pembeni kwenye kona. Dereva anadhani ni tairi. Simama, sogeza mkono karibu na shokapu bila kuigusa, utasikia joto lake. Kwa hiyo kabla ya kuinua gari, weka shokapu nene, zenye mafuta mengi, za jina linaloeleweka.

Kuinua gari, milimita 40 au 50 zinatosha. Mnaotaka inchi nne mtanisamehe. Kwenye gari lenye mbele laini, ukiinua sana, ekseli za mbele zinapinda pembe ambayo jointi zake hazikuumbiwa, mipira inachanika, vumbi linaingia, na umeanza kununua jointi kila msimu.

Springi ichaguliwe kwa mzigo wa kila siku, usiupime kwa ule wa Krismasi. Springi ya kilo 300 kwenye gari linalotembea tupu itakuvunja mgongo na kuvunja keria. Na mkishaongeza jani, tafadhali msiniambie gari sasa linabeba zaidi. Limeinuka tu. Breki ni zile zile, ekseli ile ile, beringi zile zile, chasisi ile ile.

Chasisi yenyewe inapinda. Sisemi mambo ya kutisha watu, mafundi mliomo humu mmeziona. Dabo kabini ina bodi inayopita mbali nyuma ya ekseli. Mtu anafunga tairi mbili kwenye bampa la nyuma, anaongeza madumu, anavuta katrela, halafu nyuma ikikaa chini anaweka mapulizo, yaani mifuko ya mpira ya hewa, katikati ya springi. Springi ya majani inagawa mzigo sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli. Yale mapulizo yanausukuma mahali pamoja. Gari limekaa sawa, picha nzuri, na kila tuta chuma kinakunjwa palepale. Ukitaka kujua, angalia mwanya kati ya kabini na bodi: juu ukiwa mpana kuliko chini, mwite fundi wa chasisi kabla hujaita marafiki. Mizigo mizito ikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini. Maji na betri pale pale. Nyuma kabisa weka magodoro.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Kila mtu anautaka, na mimi sikatai, injini inapata hewa yenye vumbi kidogo kuliko ile ya nyuma ya gurudumu. Lakini mkonga peke yake hauvushi mto. Boksi la filta ya hewa lina tundu la kutolea maji, viungo vya bomba vina mianya, na kwa wengi fundi aliweka silikoni mbele akasahau chini. Injini ikinyonya maji, koneksheni rodi, vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda palepale. Na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, pia inapumua. Imetembea saa mbili imepata moto, unaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia kipumulio chake. Wiki moja baadaye oili ya difu imekuwa rangi ya maziwa. Bomba la plastiki la bei ya soda, kutoka kwenye kipumulio hadi juu ndani ya boneti au nyuma ya taa, linamaliza tatizo hilo. Hakuna anayelipiga picha, lakini ningelifunga kabla ya mkonga. Kina cha mto kipimwe kwa miguu kwanza. Mto wenye mamba, pitia darajani.

Dizeli niliahidi kuirudia. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na wachakachuaji wakapata mtu wa kuwafuata. Lakini mafuta utakayouziwa kwenye dumu kijijini hakuna anayeyapima maji wala mchanga. Gari la kisasa lifungwe filta ya pili yenye kitenganisha maji, uwe na filta za akiba mbili, na faneli yenye chujio. Filta hizo hazifiki hata kilo tatu. Seti ya nozeli mnajua bei yake.

Kukwama. Chepe, vibao viwili vya kutokea mchangani, kamba inayonyumbulika ya kuvutia, na pingu nzuri ya chuma ya kuungia kamba hiyo. Winchi ni kwa anayesafiri peke yake kwenye misitu au matope, na akifunga, atumie kamba ya nyuzi badala ya waya, atapunguza kilo kumi na zaidi puani mwa gari. Na msivutane kwa ule mpira wa chuma wa kufungia trela. Ukikatika unaruka na kamba, unapita kwenye kioo. Australia umeshaua watu. Tumieni ndoano iliyofungwa kwenye chasisi kwa bolti mbili.

Taa za juu: mbili nzuri kwenye bampa zinatosha, za juu ya paa kwenye vumbi zinakuonyesha boneti yako tu. Friji ni raha, mwenye nayo aitunze. Redio sina maoni. Nati na bolti zote za keria, bampa na shokapu zichorwe mstari wa rangi ukishazikaza, jioni unapita na tochi unaona iliyozunguka.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwenye ghala la nafaka ametukubalia tutumie mizani yake kabla malori hayajaanza foleni. Njooni na magari yakiwa yamepakiwa kama mnavyosafiri kweli: tenki limejaa, maji yamejaa, hema juu, abiria wote ndani, na shemeji pia. Tutapima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima, tuandike kwa chaki ubavuni na kulinganisha na kadi. Leteni na spana zenu, namba 14 na 17 hasa, kwa sababu najua kuna watakaotaka kufungua kitu palepale. Maswali?